Boti sio Fuso: kuchenji injini za dizeli kwenye boti ya zamani ya uvuvi

Wiki ya tatu sasa mbele ya karakana yangu hapa Kizota kuna propela ya boti imelala kwenye tairi bovu la trekta, ya shaba, mapanga manne, na hakuna anayepita bila kuuliza. Mmoja kaniuliza kama ni feni ya mashine ya kukoboa. Mama wa mahindi hapo jirani akanipa mizani yake tukaipima, kilo 27. Dodoma bahari hatuna, maji yetu makubwa ni Mtera na Hombolo, kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo kushangaa ni haki yao.

Propela ni ya shemeji yangu. Yeye na mwenzake wamenunua boti ya zamani ya uvuvi wa michezo, zile za faiba, futi 38, nyuma kuna kiti cha kumfunga mkanda mtu anayevutana na samaki, pembeni fito mbili ndefu za kutawanya mishipi, lengo ni kuwapeleka wageni kutafuta jodari, nguru na sulisuli. Ndani ina dizeli mbili za miaka ya themanini, moja imenoki, nyingine inatoa moshi kama tanuri la matofali. Akaivua propela moja akanitumia na lori lililokuwa linarudi tupu, afu akapiga simu: "Shem, ichonge kidogo iendane na injini mpya." Nikamuuliza injini ipi. "Bado sijajua, ila we anza tu."

Kijiwe kikadaka. Dereva mmoja wa Fuso akasema hamna haja ya kuumiza kichwa, tafuta injini za Fuso, 6D16 mbili za mtumba, spea zake zipo mpaka Kibaigwa. Mwalimu mstaafu akasema weka kubwa kuliko za mwanzo, farasi wengi boti itakimbia. Kijana wa bodaboda akauliza kwa nini zisifanyiwe ovahauli hizo hizo. Wakabishana mpaka chai ikapoa na mimi nikaona kila mtu anaongelea injini, hakuna hata mmoja aliyeiangalia propela wakati imelala pale pale miguuni kwao. Mimi kazi yangu ni kukereza vyuma na kufungua madizeli ya malori na pampu za umwagiliaji, boti nimejifunza ukubwani kwa sababu ya huyu shemeji, kwa hiyo ntaeleza kama nilivyokuja kuelewa mwenyewe.

Kwanza tukubaliane maneno. Ovahauli ni kuifungua injini ile ile, kubadili ringi, pistoni, beringi, gasketi na kuirudisha pale pale. Kuchenji ni kuitoa kabisa na kuweka nyingine. Na mnyororo wa nguvu kwenye boti ya namna hii ni mfupi: injini, nyuma yake gia boksi, inatoka shafti ndefu inapita kwenye tundu la sakafu ya boti, mwisho wa shafti kuna propela (wenye Kiswahili cha vitabu wanaiita rafadha). Gia boksi ya boti haina namba moja mbili tatu kama ya gari. Ina mbele, nyutro na nyuma basi, na ndani imefungiwa kipunguzo kimoja tu, kwa mfano 1.5 kwa 1, maana yake injini ikizunguka mara 1.5 shafti inazunguka mara 1. Kipunguzo hicho hukibadilishi ukiwa safarini.

Hapo ndo pa kuelewa, ukipaelewa hapo mengine yote yanakuja. Mtu wa Fuso akifika mlima wa Kitonga na mzigo anarudisha gia, ya nne, ya tatu, ya pili, injini inapumua. Sasa we chukua Fuso hiyo hiyo, ing'oe gia zote umwachie ya tano peke yake, mpe tani zake, mwambie apandishe Kitonga, na Kitonga yenyewe isiishe, asubuhi mpaka jioni. Hiyo ndo kazi ya injini ya boti. Maji hayana mteremko. Gari likishaondoka likashika mwendo kwenye tambarare ya Nala unaachia mguu linaserereka, boti ukiachia mafuta inasimama palepale kama imeshikwa mkia. Kwa hiyo injini ya boti ina gia moja kwa maisha yake yote, na hiyo gia anayeipanga ni propela pamoja na kipunguzo cha gia boksi. Ukikosea hapo umemfunga ng'ombe mdogo kwenye jembe kubwa na hamna siku ya kumfungua.

Ndo maana nikampigia shemeji nikamwambia tunaanzia majini tunarudi ndani, hatuanzii dukani.

Kwenye kitovu cha propela kuna namba zimegongwa, nilizisugua na brashi ya waya zikaonekana: 24 x 24 RH. Ya kwanza ni upana wa duara inayochorwa na mapanga, inchi 24. Ya pili ni hatua, yani propela ikizunguka mara moja kama inapita kwenye kitu kigumu mfano skrubu kwenye mbao, ingesogea inchi 24. RH ni kwamba inazungukia kulia. Sasa chukua hatua, zidisha kwa mizunguko ya shafti kwa dakika, gawa kwa 1,215, unapata mwendo kwa noti (noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa). Injini za shemeji zinafika mizunguko 2,300, kipunguzo 1.5, shafti inapata kama 1,533. Zidisha kwa 24, gawa kwa 1,215, jibu ni noti 30. Lakini maji sio mbao, propela inateleza, kwenye boti kama hii tuseme asilimia 20 inapotea, unabaki na noti 24 hivi. Nilimuuliza yule mzee aliyekuwa nahodha wake zamani, akasema ikiwa nyepesi ilikuwa inagonga 23 au 24. Nilifurahi kama mtoto.

Sasa mpe shemeji injini mpya inayozunguka 2,800 na gia boksi ya 2 kwa 1. Shafti itapata 1,400. Propela ile ile 24, fanya hesabu, noti 27 na ushee kwenye karatasi, 22 majini. Injini mpya, hela nyingi, boti imepungua mwendo! Mpe kipunguzo cha 1.75, shafti inapata 1,600, sasa propela ile ile inataka nguvu nyingi kuliko mwanzo, je injini inayo? Unaona kwa nini siwezi "kuichonga kidogo" kabla sijajua injini na gia boksi. Na hata nikijua sitaichonga mimi, mapanga ya propela yana umbo ambalo ukikosea milimita chache inatetemesha boti nzima, hiyo kazi ina mafundi wake.

Kipimo cha kujua kama umepatia ni kimoja na hakina ubishi: boti ikiwa na mafuta, maji, barafu na watu wake, ukisukuma mafuta mpaka mwisho injini lazima ifike mizunguko iliyoandikwa kwenye kibati chake, na ikizidi kidogo ni bora zaidi. Kama kibati kinasema 2,800 na wewe unaishia 2,550, propela ni kubwa mno, injini imeelemewa. Itatoa moshi mweusi, eksozi itapata moto kupita kiasi, na siku moja valvu au pistoni itaondoka watu waseme injini za siku hizi feki. Wengi wanaipima boti ikiwa tupu siku ya majaribio, inafika, wanapiga makofi, afu wageni sita na barafu vikiingia inashuka mizunguko 150 na hakuna anayeangalia tena saa ya mizunguko.

Sasa mwalimu na farasi wake. Hili la farasi wengi ni mwendo mkubwa ndo imani iliyoshika kuliko zote. Kila umbo la boti lina namna yake ya kulipa nguvu. Boti inayosukuma maji, kama mashua au jahazi, ina ukomo, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa sehemu inayogusa maji kwa futi, zidisha 1.34. Futi 36 inakupa noti 8, sawa na kilomita 15 kwa saa, mwendo wa baiskeli. Ukiongeza nguvu hapo unachimba shimo tu majini na kupandisha wimbi. Boti ya uvuvi wa michezo ina tumbo la V, ikipata nguvu ya kutosha inapanda inateleza juu ya maji, ndo inapata hizo noti 20 na kitu. Ikishapanda, kinachoitawala ni uzito na nguvu. Ila nguvu inayotakiwa na propela inapanda kwa kasi ya ajabu: ukiwa kwenye asilimia 80 ya mizunguko unatumia kama nusu tu ya nguvu, hiyo nusu nyingine yote inaliwa na asilimia 20 ya mwisho. Kwa hiyo kutoka farasi 300 kwenda 400 kila upande unaweza kupata noti tatu nne ambazo utazitumia dakika kumi kwa mwezi, na umelipia tanki, shafti nene zaidi, gia boksi kubwa zaidi. Kuna kitu kingine watu hawakisemi, uvuvi wenyewe wa kukokota chambo unafanyika kwenye noti 6 mpaka 9. Siku nzima. Farasi 800 wamelala kwenye chumba cha injini wanasinzia.

Kinachosaidia boti ya zamani mara nyingi ni kupunguza uzito. Hizo dizeli za zamani za Kimarekani za stroki mbili, Detroit Diesel, zilikuwa zinaitwa kwa namba, 8V71 maana yake silinda 8, umbo la V, na kila silinda inchi za ujazo 71, jumla lita 9.3. Familia hiyo ya 71 ilianza mwaka 1938. Moja ikiwa na gia boksi yake inapita tani moja. Cummins ya silinda 6 mstari mmoja ya lita 5.9 ambayo watu wengi waliziwekea boti za zamani badala yake, ina kama kilo 600, na matoleo yake ya baharini yalitoka farasi 210 mpaka 370. Toa mbili kubwa weka mbili hizo, boti imepungua karibu tani nzima. Shukuru, lakini angalia pia boti itakavyokaa majini, maana uzito huo ulikuwa katikati na sasa haupo, pua inaweza kuinama au mkia ukainuka, inabidi betri au tanki lihamishwe.

Hiyo Cummins naitaja kwa sababu nyingine pia. Bloku hiyo hiyo ilikuwa kwenye malori na kwenye pikapu za Dodge kuanzia mwaka 1989. Kwa hiyo ndugu yangu wa Fuso hajachanganyikiwa, injini nyingi za boti zilizaliwa barabarani. Tofauti ipo kwenye mavazi, na hapo ndo inabidi nikae kidogo.

Fuso inapozwa na upepo. Kulanti, yani maji ya kupozea, inazunguka kwenye injini, inaenda mbele kwenye rejeta, upepo wa safari unaipiga, inarudi imepoa. Kwenye boti injini iko kwenye chumba kilichofungwa chini ya sakafu, hamna upepo hata wa kuzimia kibiriti. Kwa hiyo wanaweka kopo la chuma au shaba lenye vibomba vyembamba vingi ndani: kulanti inapita nje ya vibomba, maji ya bahari yanapita ndani ya vibomba, yanabadilishana joto bila kuchanganyika, afu maji ya bahari yanatupwa nje. Maji hayo yanavutwa na pampu ya pembeni yenye feni ya mpira, na hiyo feni ya mpira ya bei ya nyama kilo chache imeua injini nyingi kuliko vita. Ya shemeji iliyonoki ilikufa hivyo hivyo, tulipofungua tukakuta feni imebaki na majani mawili, mengine tumeyakuta yameziba kwenye vibomba.

Mtu akauliza, si upitishe maji ya bahari moja kwa moja kwenye injini, bahari yote ile! Jamani, nyie mnaishi Dodoma. Angalia birika lako, maji yetu ya kisima yanavyoota ukoko mweupe ndani mwezi mmoja tu. Sasa fikiria chumvi ya bahari ndani ya njia nyembamba za silinda hedi. Zipo injini ndogo za zamani zilizopozwa hivyo na zilioza kutoka ndani.

Kitu cha pili ni eksozi. Manifoldi ya Fuso, lile bomba la kukusanya moshi unaotoka kwenye silinda, inakuwa nyekundu ukiipandisha mlima, barabarani haina shida, kwenye chumba cha faiba chenye mvuke wa mafuta hiyo ni kiberiti. Ya baharini imevikwa koti la maji. Na yale maji ya bahari yaliyomaliza kupoza hayatupwi ovyo, yanaingizwa ndani ya bomba la eksozi baada ya tabo (ile feni inayozungushwa na moshi kusukumia injini hewa zaidi), yanapoza moshi mpaka bomba linaweza kuwa la mpira, ndo maana nyuma ya boti unaona moshi unatema maji. Hapo pia pana mtego: kiwiko cha kuingizia maji kikikaa chini, boti ikisimama wimbi linasukuma maji yanarudi mpaka kwenye silinda, asubuhi unapiga stata injini imeshika kama imemwagiwa zege. Hicho kiwiko kinatakiwa kiwe juu ya usawa wa maji ya nje angalau futi moja hivi, na bomba la zamani likiwa jembamba kwa injini mpya moshi unakosa njia, nguvu zinakufa.

Kwa hiyo jibu la 6D16 ni hili: inawezekana ukipata manifoldi ya maji, kipozeo, pampu ya bahari, kiunganishi cha gia boksi ya boti na mtu aliyekwisha kufanya. Jumlisha bei ya hivyo vyote afu ndo useme injini ya mtumba ni rahisi. Kwa boti ya mizigo inayotembea pole pole karibu na pwani, watu wanafanya na zinaenda. Kwa boti ya kukimbia na wageni maili 30 kutoka nchi kavu, mimi shemeji yangu sikumruhusu.

Jambo ambalo hata mimi sikulijua ni mzunguko. Boti ya injini mbili, propela moja inazungukia kulia nyingine kushoto, zikizunguka upande mmoja zote boti inavutwa kando. Zile stroki mbili za zamani zilikuwa zinaweza kuundwa zizunguke upande wowote, kwa hiyo ndani ya boti moja una injini ya kulia na ya kushoto. Dizeli za sasa zote zinazunguka upande mmoja, kugeuza ni kazi ya gia boksi. Maana yake gia boksi ya zamani ya upande mmoja inaweza isikufae kabisa hata kama ni nzima. Wale wanaosema "nitachenji hii moja iliyokufa, nyingine baadaye", waangalie na hili, pamoja na kwamba injini mbili zisizolingana kwenye boti moja ni kama kufunga maksai na punda.

Kijana wa bodaboda, ovahauli je? Swali zuri, na jibu linategemea bloku. Injini yenye slivu, yani bomba la ndani ya silinda linaloweza kutolewa, silinda ikilika unatoa slivu unaweka nyingine, injini inazaliwa upya, hizo Detroit ziko hivyo. Caterpillar 3208, V8 ya lita 10.4 iliyojaa kwenye boti za zamani, haina slivu, silinda zimechongwa kwenye bloku yenyewe, zikilika ni kuitoa nje na kuitoboa upya. Ovahauli inashinda pale spea zinapopatikana, boti inakaa vizuri na uzito wake, na mwenye boti hana haraka. Inashindwa pale unaposubiri spea miezi minne. Ukiniuliza mimi ya kununua, napenda silinda sita mstari mmoja yenye pampu ya kawaida ya nozeli, sio komoni reli, ile ya kisasa inayopulizia dizeli kwa amri ya kompyuta. Komoni reli inanywa kidogo, haina kelele, haina moshi, nakubali, ila haivumilii tone la maji kwenye dizeli na ikigoma inataka kompyuta. Wapo watakaonicheka.

Mwezi uliopita nilipanda SGR nikashuka kuiangalia boti yenyewe. Nikalala kifudifudi kwenye chumba cha injini na tochi mdomoni, jasho linachuruzika, nikawa nagonga mihimili inayobeba injini na mkia wa spana, ko, ko, ko, inasema vizuri, nikafika upande wa kushoto karibu na gia boksi ikasema pfu. Kama boga bovu. Mihimili hiyo ni mbao imevikwa faiba, skrubu ikivuja miaka thelathini mbao inaoza ndani na nje kumeng'aa rangi. Injini mpya ukiifunga hapo, wiki ya pili imehama na shafti imepinda. Hiyo haikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Halafu injini zenyewe zinatokaje? Boti ilijengwa juu ya injini, ni lile kabati la mninga ambalo fundi aliliundia chumbani, siku ya kuhama linagoma mlangoni. Kuna boti zina sehemu ya sakafu inayofunguka, ya shemeji itabidi kukatwa, iletwe winchi, afu ifungwe upya. Matanki ya dizeli yako nyuma ya injini na yana umri ule ule, injini zikiwa nje ndo siku ya kuyatazama, usije ukakata sakafu mara mbili.

Na hewa. Sisi huku tuko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, hewa imepungua zaidi ya sehemu ya kumi, ndo maana dizeli isiyo na tabo ikitoka Dar ikifika hapa inaonekana mvivu. Boti iko usawa wa bahari, inapaswa kufaidi, lakini matundu ya kuingizia hewa chumbani yakiwa madogo injini inavuta hewa ile ile ya moto, unakuwa umeijengea Dodoma yake ndani ya boti.

Mafuta sasa, maana shemeji alijipa moyo kwamba injini mpya zitajilipa kwa mafuta. Dizeli ya sasa, kila farasi anayefanya kazi saa moja anakunywa kama lita 0.2, tuseme za zamani lita 0.24. Safari moja ya siku, saa mbili za kukimbia, injini zote zinatoa farasi 400 kwa pamoja. Za zamani lita 96 kwa saa, mpya 80. Umeokoa lita 32 kwa safari, saa sita za kukokota chambo zinakuongezea kidogo sana. Safari 60 kwa mwaka, lita 1,920. Zidisha kwa bei ya leo ya pampu afu weka pembeni ya bei ya injini mbili, gia boksi mbili, shafti, propela, mihimili na sakafu. Wajukuu ndo watamaliza hilo deni. Sababu ya kuchenji ni kurudi nchi kavu na wageni wako wote na kupata spea, sio lita.

Halafu usome daraja la injini, sio farasi tu. Bloku moja inauzwa kwa farasi 250 ya kufanya kazi siku nzima na kwa 370 ya starehe, hiyo ya starehe baadhi ya watengenezaji wanakwambia mafuta yote mwisho saa 1 tu katika kila saa 8 na isizidi saa 500 kwa mwaka. Boti ya kubeba wageni kila siku sio starehe hata kama wageni wenyewe wako kwenye starehe. Na kabla ya kukata chochote, ukaguzi wa vyombo Bara uko chini ya TASAC, Zanzibar ni ZMA, waone mapema.

Jana shemeji kapiga tena. Kapata injini mbili, kataja farasi, kataja rangi, kataja na bei. Nikamuuliza mizunguko mingapi na gia boksi ina kipunguzo gani. Akakaa kimya kidogo, nikasikia anamuuliza mtu pembeni, afu akarudi: "Shem, hawa wanasema 2,600, gia boksi ni 2 kwa 1." Nikachukua chaki nikaandika kwenye tairi la trekta, 1,300 mara 24, gawa kwa 1,215. Dereva wa Fuso alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe. Akaangalia jibu, 25 na ushee, akatoa asilimia 20 kwa kichwa, akasema: "Mwambie aulize kama wana ya moja nukta saba tano."